Mdogo wangu kavunjwa mkono na askari. Tuanzie wapi?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Wiki iliyopita, saa tano usiku, mdogo wangu anayeendesha bodaboda alikamatwa kijiweni na askari watatu waliokuwa doria. Wanasema alikaidi amri ya kusimama. Alipigwa virungu, akakaa mahabusu siku mbili, akaachiwa bila kufikishwa mahakamani baada ya sisi kutoa shilingi 80,000 tulizoambiwa ni za dhamana. Risiti hatukupewa. Mkono wa kushoto ulivimba, hospitali wakapiga picha wakasema umevunjika. Alisainishwa karatasi ambayo hakusomewa. Mama anasema tunyamaze, tukilalamika atabambikiwa kesi. Je, askari ana ruhusa ya kupiga? Na hivi kuna askari aliyewahi kuwajibishwa nchi hii?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Mpe pole mdogo wako. Mama naye mwambie hofu yake naielewa, nimeisikia kwa akina mama wengi waliokaa kwenye benchi la ofisi yangu hapa mjini, na nitaijibu. Lakini naanza na mkono, kwa sababu mkono haungoji.

Mwombe daktari akuoneshe kwenye ile picha ni mfupa upi uliovunjika. Kati ya kiwiko na kiganja kuna mifupa miwili. Ule wa upande wa kidole kidogo, ambao madaktari wanauita ulna, ukivunjika peke yake huku mwenzake ukiwa mzima, madaktari wa mifupa wanaitambua alama hiyo mara moja. Kwa Kiingereza wameipa jina la kirungu cha askari. Jaribu mwenyewe: inua mkono kama mtu anayekinga kichwa. Upande unaopokea pigo ni huo. Mtu aliyeanguka na pikipiki mara nyingi hutanguliza kiganja, na huvunjika karibu na kifundo cha mkono, kwenye ule mfupa wa upande wa kidole gumba. Nakueleza haya kwa sababu najua jibu litakalotolewa: "alianguka na bodaboda yake akikimbia." Picha haitakuambia nani alishika kirungu, lakini inaweza kuonesha kwamba aliyevunjika alikuwa anajikinga.

Mvue shati umtazame mgongo na mapaja. Kirungu au fimbo ikitua kwenye nyama huacha mistari miwili inayokwenda sambamba, katikati pakiwa pamesalimika, kwa sababu damu husukumwa pembeni. Kwenye ngozi nyeusi mistari hiyo huonekana vizuri zaidi mchana, kwenye mwanga wa pembeni, kama wa dirishani. Baada ya wiki mbili hivi inakuwa imefutika. Mpige picha leo: moja inayoonesha sura yake pamoja na jeraha, kisha za karibu, ukiweka rula au sarafu pembeni ili ukubwa uonekane. Picha zibaki kwenye simu iliyozipiga. Ukizituma WhatsApp zinabanwa na kupoteza taarifa za saa na tarehe, na sheria yetu ya miamala ya kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama iangalie jinsi ushahidi wa namna hii ulivyotengenezwa na kutunzwa kabla ya kuuamini.

Sasa PF3. Hukusema kama mnayo, na ukimya huo umenitia wasiwasi. Fomu hiyo hutolewa na polisi, daktari akaijaza sehemu yake, ikarudi kuwa ushahidi. Ni bure. Ugumu wake kwenu uko wazi: unakwenda kumwomba unayemlalamikia akupe karatasi ya kumshtakia. Basi msiende kituo kile kile. Nendeni kituo kingine, au moja kwa moja ofisi ya OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, mkatoe taarifa ya shambulio, mpewe namba ya RB, ile ya kuonesha taarifa yenu imeandikwa kituoni, na PF3. Wakigoma, andika tarehe, saa na cheo cha aliyegoma, kisha rudini hospitali mkaombe taarifa ya matibabu ya hospitali yenyewe. Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba PF3 si ushahidi pekee. Jalada la mgonjwa, picha ya eksirei na maneno ya daktari vina uzito wake.

Daktari naye aombwe kwa heshima aandike alichokiona. Niliwahi kumsimamia mvuvi mmoja aliyepigwa kwenye operesheni ya nyavu haramu. Fomu yake ilikuwa na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya jeraha la nyama laini, na sahihi isiyosomeka. Mtu yule alikuwa hawezi kukaa kwenye kiti, alikuja ofisini akaandikisha maelezo amesimama wima, ameegemea kabati. Miezi kumi na minne baadaye, mbele ya hakimu, alikuwa anatembea vizuri na yale maneno mawili ndiyo yote tuliyokuwa nayo. Tulishindwa. Tangu siku hiyo kila anayekuja kwangu namwambia: daktari aandike jeraha liko wapi, lina urefu gani, limesababishwa na kitu cha namna gani kwa maoni yake, lina siku ngapi, na jina lake liandikwe lisomeke, kwa kuwa anaweza kuitwa mahakamani.

Swali lako la kwanza sasa. Askari ana ruhusa ya kutumia nguvu, lakini hana ruhusa ya kuadhibu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema anayekamata asitumie nguvu wala asimdhalilishe mtu zaidi ya inavyohitajika ili kumkamata au kumzuia asitoroke. Kitendo kinachoweza kuua kinaruhusiwa pale tu anapoamini, kwa sababu za msingi, kwamba ni lazima ili kuokoa maisha au kuzuia mtu asidhurike vibaya. Aliyeko chini ya ulinzi lazima atendewe kwa utu, na akiomba matibabu ahudumiwe mara moja. Juu ya yote hayo, Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu kuteswa au kuadhibiwa kinyama. Namba za vifungu sikutajii kwa makusudi: sheria zimechapwa upya katika toleo la 2023 na namba nyingi zimehama, nisije nikakupa namba ya zamani ukaaibishwa kaunta.

Kwa hiyo hata tukikubali kwamba alikaidi amri ya kusimama, swali linalobaki ni moja, na ndilo ninalomuuliza kila mteja wa namna hii kabla ya lingine lolote: alipigwa kabla ya pingu au baada ya pingu? Kabla ya pingu askari anaweza kusema alikuwa anapambana, anakimbia, anavuta kitu kiunoni, na hakimu atapima. Baada ya pingu hana la kusema. Aliyefungwa mikono, aliyelala kifudifudi kwenye Defender, aliyeko mahabusu, hakuna nguvu inayohitajika kumkamata maana ameshakamatwa. Mkalishe mdogo wako chini asimulie polepole, dakika kwa dakika, nawe uandike kwa maneno yake. Pingu zilifungwa wapi, mbele au nyuma? Kama zilifungwa nyuma, mkono ule ulioinuliwa kukinga kichwa ulivunjika kabla. Je, kuna pigo lililofuata? Nani alisema nini? Andikeni hata yasiyowapendeza, kama ni kweli alikimbia. Mteja anayenificha jambo dogo ananiua mahakamani.

Vijana wa kijiweni waliokuwepo wapatikane wiki hii, kabla habari haijageuka hadithi ya kijiwe ambapo kila mmoja anasimulia alichokiona mwenzake. Kila mtu aandike peke yake. Mdogo wako aandike sura za wale askari: urefu, sauti, jina waliloitana, herufi na namba kifuani kama aliziona. Na tafadhali, asianze kutafutiwa picha zao Facebook. Likiitishwa gwaride la utambulisho, wakili wa upande wa pili atauliza kama alishaoneshwa sura hizo kabla, na akijibu ndiyo, utambuzi wake umekwisha thamani.

Milango ya kubisha ni zaidi ya mmoja, na watu huikosea kwa kudhani ukifungua mmoja mingine inafungwa. Ndani ya jeshi lenyewe kuna malalamiko kwa OCD, kwa RPC ambaye ni kamanda wa polisi wa mkoa, hadi kwa IGP, mkuu wa jeshi lote. Huko kuna mashtaka ya nidhamu, ambayo wengi huyaita mahakama ya kijeshi, na askari anaweza kushushwa cheo au kufukuzwa kazi. Ukiambiwa "ameshachukuliwa hatua za kinidhamu", shukuru, lakini fahamu kwamba hatua hizo hazifuti kosa la jinai. Shambulio la kudhuru mwili ni kosa kwa mwenye sare kama lilivyo kwa asiye na sare, na adhabu yake inafika miaka mitano jela. Anayeamua kushtaki si polisi bali Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, iliyo chini ya DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, nayo ina ofisi hapa Mwanza. Nakala ya malalamiko yenu ifike huko.

Mlango ninaowashauri msiuache ni Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Imeundwa na Katiba yenyewe, sheria yake ni ya 2001, na ina tawi hapa Mwanza. Huhitaji wakili wala kulipa chochote. Barua ya Kiswahili cha kawaida inatosha. Inaweza kuita mashahidi na kudai nyaraka ambazo wewe ukiziomba kaunta utafukuzwa. Udhaifu wake ni kwamba inatoa mapendekezo, haitoi hukumu, na haishughulikii jambo lililoko tayari mahakamani, kwa hiyo nendeni huko mapema.

Kuhusu fidia nitakuwa mfupi, kwa kuwa ni safari ndefu na hamtaianza wiki hii. Kuishtaki Serikali kunahitaji notisi ya siku 90 yenye nakala kwa Mwanasheria Mkuu, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Muda wa madai ya namna hii ni miaka mitatu tangu tukio. Risiti za dawa, za usafiri, na hesabu ya siku ambazo pikipiki ililala bila kazi, ziwekeni kwenye bahasha moja kuanzia leo.

Nirudi kwa mama. Kubambikiwa kesi kupo, sitamdanganya mtu mzima. Ila katika miaka yangu ya kazi nimeona jambo moja: anayebambikiwa kirahisi ni yule ambaye lalamiko lake liko kinywani tu, au kwenye kaunta moja tu. Barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa katika ofisi ya RPC, ya mashtaka na ya Tume, yote kwa tarehe moja, inamfanya mdogo wako awe mtu ambaye likimpata jambo kesho, kuna ofisi tatu zitakazouliza. Nenda na nakala yako wewe, wagonge muhuri juu yake, ubaki nayo. Msiende peke yenu. Mwenyekiti wa mtaa akikubali kuandamana nanyi ni vizuri, na kiongozi wa chama cha bodaboda pia. Kuanzia sasa leseni, bima na kadi ya pikipiki viwe sawasawa, asimpe mtu sababu ya bure. Na msirushe majina ya askari mitandaoni. Sheria ya makosa ya mtandao itageuzwa iwe juu yenu, mlalamikaji awe mshtakiwa.

Inawezekana pia mtu akaja nyumbani jioni, mpole, na bahasha, akasema yaishe kifamilia. Sitawaamulia. Familia ina njaa zake na mimi silali kwenu. Lakini msisaini karatasi ya kufuta malalamiko kabla mkono haujapona na daktari hajasema kama vidole vitakunjika vyote. Dereva wa bodaboda hushika klachi kwa mkono wa kushoto.

Umeuliza kama kuna askari aliyewahi kuwajibishwa. Wapo, na mfano mkubwa kuliko yote ulianzia huku huku kwetu. Mwaka 1976, katika msako wa mauaji ya vikongwe na waliotuhumiwa uchawi mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu walikamatwa kwa mamia, wakateswa, na baadhi wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu ingawa hakumgusa mtu, na wakuu wa mikoa yote miwili wakaachia ngazi. Maofisa wa polisi na usalama walishtakiwa na kutiwa hatiani. Mwinyi huyo ndiye aliyekuja kuwa Rais 1985. Huwa nawasimulia vijana wa sheria kisa hiki kwa sababu siku hizi wajibu ukianguka huangukia konstebo, haupandi ngazi.

Vipo vya karibu zaidi. Mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa Septemba 2012 kijijini Nyololo, Iringa, mbele ya kamera za wenzake. Mwaka 2016 askari mmoja alifungwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Mtwara, baada ya mfanyabiashara kijana wa madini kuuawa Januari 2022, maofisa saba wa polisi walipandishwa kizimbani, na mwaka 2025 Mahakama Kuu iliwahukumu wawili kunyongwa. Ukizitazama kesi hizi utaona zinafanana: mtu amekufa, na nchi nzima inatazama. Mkono uliovunjika usiku kijiweni hauna kamera wala waandishi. Ndiyo maana nimekuchosha na PF3 na sarafu pembeni ya jeraha.

Wenzetu ng'ambo ya ziwa wana chombo ambacho sisi hatuna. Kenya ilipitisha sheria mwaka 2011 ya mamlaka huru ya kuchunguza polisi, IPOA, ili askari asichunguzwe na askari mwenzake. Sisemi imewatibu. Kule Kisumu, mtoto wa miezi sita aliyejulikana kama Baby Pendo aliumizwa kwa kipigo cha polisi walioingia nyumbani kwao Agosti 2017, akafariki. Hakimu aliyechunguza kifo hicho alitoa uamuzi 2019, na mashtaka yakaidhinishwa 2022. Ni miaka mitano. Hata hivyo lipo jalada lililofunguliwa na watu wasiokula mess moja na watuhumiwa, na hilo nalitaka hapa kwetu. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake Julai 2023 ikiwa na mengi kuhusu polisi. Ninaamini bila chombo huru cha namna hiyo tutaendelea kumtuma majeruhi akaombe fomu kwa aliyemjeruhi.

Ile karatasi aliyosainishwa huenda ni maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa. Muulize ilikuwa na mistari mingapi, na kama kuna mahali aliweka dole gumba. Isimnyime usingizi. Maelezo yaliyotolewa kwa kipigo au vitisho hayapokelewi, na mzigo wa kuthibitisha kwamba yalitolewa kwa hiari uko kwa upande wa mashtaka. Akipinga, mahakama husimamisha kesi kubwa na kusikiliza kwanza kesi ndogo ya jambo hilo tu. Siku mbili bila mahakama nazo zina maswali yake. Mahojiano yana saa nne za msingi, na mtu aliyekamatwa bila hati, ambaye hawezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, anatakiwa kufikiriwa dhamana hapo hapo kituoni isipokuwa kwa makosa mazito. Andikeni saa aliyoingia na saa aliyotoka.

Na zile 80,000: dhamana haiuzwi. Hakuna ada ya dhamana kituo chochote cha polisi. Kama mlituma kwa simu, ujumbe wa muamala msiufute. Kama mlitoa mkononi, andika nani alipokea na nani aliona, kisha mpige 113 kwa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Hao si polisi, na wakati mwingine mlango huu mdogo ndio hufunguka kwanza.

Njooni ofisini mkiwa na hayo. Kama hamna uwezo wa kulipa wakili, sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 inawaruhusu kuhudumiwa bure na watoa msaada waliosajiliwa, nami nitawaelekeza. Mdogo wako aje mwenyewe, hata kama anaona haya. Na lile shati alilovaa usiku ule, kama bado halijafuliwa, lisifuliwe. Mlikaushe kivulini, mliweke kwenye bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi, si wa plastiki maana linaota ukungu, mwandike juu yake tarehe na jina la aliyelifunga.